Kuinua na Kuimarisha Land Cruiser ya Zamani kwa Bajeti Finyu: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Gari linalochambuliwa hapa ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 60, aina ya HJ60, lenye injini ya dizeli ya 2H ya silinda 6 na ujazo wa lita 4.0, isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini). Mfululizo huo ulitengenezwa kuanzia mwaka 1980 hadi 1990, kwa hiyo hata gari la mwisho kutoka kiwandani limekwishavuka miaka 30. Lina ekseli nzima mbele na nyuma, springi za majani katika pembe zote nne, chasisi inayojitegemea chini ya bodi, na mfumo wa magurudumu manne ambao dereva huufunga pale tu anapouhitaji. Kwa umbile hilo, kazi nyingi zinazohusu kimo na uimara wake zinaweza kufanywa na fundi mwenye jeki, stendi, mashine ya kuchomelea na vipimo vya kawaida, na ndiyo maana magari haya hupendwa na watu wasio na fedha nyingi.

Mwenye gari alitaka liinuliwe sentimita 10 na kuvishwa tairi za inchi 33, ili liweze kupita njia zenye mawe, matope na vivuko vya mito likiwa na mizigo ya safari ya siku kadhaa. Fedha alizokuwa nazo zingetosha kununua ama springi nne mpya pamoja na vifaa vyake, ama tairi tano, wala si vyote viwili. Mpango wake wa kubana matumizi ulikuwa na sehemu tatu: kurefusha vikono vinavyoning'iniza ncha za springi, kupachika vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, na kuongeza jani moja la springi ya lori kila upande wa nyuma. Fedha zilizobaki zingeingia kwenye tairi.

Ushauri niliompa, ambao ndio uliozaa kazi yote inayoelezwa hapa, ni kwamba mpango huo ugeuzwe. Fedha za kwanza ziende kwenye chasisi, usukani na breki. Za pili ziende kwenye springi. Tairi ziwe za mwisho, na ziwe ndogo kuliko alivyotaka. Gari lenye umri huo kwa kawaida limeshuka na limechoka, na anayeliinua kabla ya kujua limechoka wapi huongeza mzigo juu ya sehemu ambazo tayari zimeshindwa na mzigo wa zamani.

Hali iliyokutwa

Gari lilioshwa upande wa chini kwa maji ya shinikizo, kwa kuwa matope makavu huficha nyufa, kisha likasimamishwa mahali tambarare na kimo chake kikapimwa kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Kipimo hiki ni bora kuliko kile cha kuanzia ardhini, kwa sababu hakibadilishwi na ukubwa wa tairi wala upepo uliomo. Upande wa nyuma kushoto ulikuwa chini ya upande wa kulia kwa sentimita 3. Springi za mbele zilikuwa zimenyooka karibu kabisa, na tulipozilinganisha na za gari jingine la aina hiyohiyo ambalo springi zake zilikuwa nzima, tuliona kuwa mbele pameshuka kwa sentimita 2 hivi.

Springi zilipofunguliwa, sababu ya kulalia kushoto ilionekana: jani la tatu lilikuwa limekatika kwenye tundu la bolti ya katikati. Mahali hapo ndipo majani mengi hukatikia, kwa sababu tundu hupunguza chuma palepale ambapo mkazo ni mkubwa zaidi, na yu-bolti, yaani bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli pamoja, zikilegea hata kidogo jani huanza kujikunja juu ya tundu hilo badala ya kushikwa imara pande zote mbili. Bushi za vikono zilikuwa zimeliwa hadi chuma kikagusa chuma. Shokapu mbili zilikuwa zinavuja, tairodi moja (fimbo ya usukani inayogeuza magurudumu) ilikuwa na mchezo unaosikika kwa mkono, na mipira ya breki ilikuwa na mipasuko midogo kila ilipokunjwa.

Jambo zito zaidi lilikuwa kwenye chasisi. Chini ya tabaka la grisi na vumbi, pembeni mwa mahali boksi la usukani linapofungwa, palikuwa na ufa wa takriban sentimita 4 ulioanzia kwenye tundu la bolti na kuelekea chini. Sehemu hiyo ya magari ya mfululizo wa 60 inajulikana kuwa dhaifu, hasa yakivishwa tairi kubwa, kwa sababu kila mara dereva anapogeuza usukani gari likiwa limesimama au limebanwa na mawe, nguvu yote ya kuzungusha magurudumu hurudi kwenye bolti chache zilizoshika ukuta mwembamba wa chasisi. Kama tairi za inchi 33 zingewekwa siku hiyo, ufa huo ungeendelea kukua bila mtu kuuona, na siku ambayo boksi lingeng'oka gari lingekuwa barabarani.

Kwa nini mpango wa kwanza haukufaa

Nianze na vipande vya chuma vya kati, kwa sababu hapo kosa lilikuwa wazi. Njia hiyo huinua magari ambayo springi zake zimekaa juu ya ekseli, kama zilivyo pikapu nyingi upande wa nyuma. Katika mfululizo wa 60 springi ziko chini ya ekseli. Ukipachika kipande kati ya viwili hivyo, unaisogeza ekseli juu kuelekea kwenye chasisi, na gari hushuka. Hata kwa magari ambayo njia hiyo inafanya kazi, vipande hivyo havipaswi kuwekwa ekseli ya mbele, na havipaswi kubebeshwa kimoja juu ya kingine. Urefu wake huwa mkono wa wenzo unaoisaidia ekseli kujiviringisha wakati wa kukanyaga mafuta au breki, na springi hupindika umbo la herufi S.

Vikono virefu huinua gari kweli, lakini kwa nusu tu ya urefu ulioongezwa, kwa sababu ni ncha moja tu ya springi inayoshuka. Kupata sentimita 5 kunahitaji kikono kirefu zaidi kwa sentimita 10, na kikono cha urefu huo huyumba ubavuni kila gari linapokata kona. Tatizo kubwa zaidi ni mzunguko wa ekseli. Kwenye gari hili vikono vya mbele viko ncha ya mbele ya springi, hivyo kuvirefusha hushusha ncha hiyo na kuinamisha ekseli nzima kuelekea mbele. Mwinamo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu unapotazamwa kutoka ubavuni, ambao mafundi huuita kasta, hupungua. Kasta ndiyo inayolifanya gurudumu lijirudishe katikati baada ya kona; ikipungua sana, usukani hulegea, gari hutangatanga barabarani na dereva huwa na kazi ya kulirekebisha kila dakika. Nyuma, ambako vikono viko ncha ya nyuma, kuvirefusha hugeuza pua ya difu (boksi la gia lililo katikati ya ekseli) iangalie juu, na viungo viwili vya propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, vikaacha kuwa na pembe zinazolingana.

Jani la lori lilihitaji hesabu kidogo. Ugumu wa jani la springi hupanda kwa mchemraba wa unene wake. Majani ya nyuma ya gari hili yalikuwa na unene wa milimita 7. Jani alilokuwa amelipata lilikuwa la milimita 10. Ukigawanya 10 kwa 7 na kuzidisha jibu kwa lenyewe mara tatu, unapata karibu 2.9, yaani jani hilo moja, likiwa na upana na urefu uleule, lina ugumu wa karibu majani matatu ya asili. Springi yenye majani sita ingekuwa kama yenye majani tisa. Gari lingekaa juu likiwa tupu, lakini magurudumu yangekuwa yanaruka juu ya mawe badala ya kuyafuata, na njia ya mawe hupitika vizuri zaidi tairi zote nne zinapogusa chini. Zaidi ya hayo, majani yote yakikunjwa kwa kiasi kilekile, lile nene ndilo linalobeba mkazo mkubwa zaidi katika uso wake, kwa uwiano wa unene. Hapa zaidi kwa asilimia 43. Jani lililowekwa ili kuimarisha ndilo lingetangulia kukatika.

Zipo njia nyingine mbili zilizofikiriwa. Kuhamisha springi kutoka chini ya ekseli kwenda juu yake huinua gari la aina hii kwa zaidi ya sentimita 10 na kuacha springi laini zikiendelea kutumika, na wapo wanaoifanya vizuri sana. Lakini huhitaji kuchomelea viti vipya vya springi kwenye ekseli kwa pembe sahihi, kubadilisha fimbo za usukani, kurefusha propela na kuweka kizuizi cha ekseli kujiviringisha. Ikiwa fedha hazitoshi kuyamaliza hayo yote, kazi hiyo isianzwe. Njia ya pili, ya kuinua bodi pekee juu ya chasisi kwa raba ndefu, hutoa nafasi ya tairi bila kuongeza hata milimita moja chini ya chasisi, na haikujibu haja ya mwenye gari.

Uamuzi ukawa kuinua kwa sentimita 5 juu ya kimo cha kiwandani, kwa springi zenyewe, na kuvisha tairi za inchi 31.

Chasisi kwanza

Kazi ya chasisi ilichukua sehemu kubwa ya muda, nami naamini ndiyo iliyolipa kuliko zote. Betri ilifunguliwa, boksi la usukani likaondolewa, na rangi na kutu vikasagwa hadi chuma kikang'aa umbali wa kiganja kila upande wa ufa. Mwisho wa ufa ulitafutwa kwa makini, kwani ufa huenda mbele zaidi ya pale jicho linapoishia, na tundu la milimita 5 likatobolewa mbele kidogo ya ncha yake ili kuuzuia usiendelee. Baada ya hapo ufa wenyewe ulichimbwa kwa umbo la V, ukajazwa kwa kuchomelewa hatua kwa hatua bila kukichemsha chuma kupita kiasi, kisha ukasagwa ukawa sawa na uso wa chasisi.

Kufunga ufa hakutoshi, kwa sababu kilichosababisha ufa bado kipo. Bamba la chuma la milimita 4, lenye unene unaokaribiana na wa chasisi, lilikatwa na kuwekwa juu ya eneo lote la boksi la usukani. Ncha zake hazikukatwa wima. Zilikatwa kwa mshazari mrefu, ili mkazo uingie kwenye bamba kidogokidogo. Mstari wa kuchomelea unaokata chasisi wima kutoka juu hadi chini hutengeneza mahali papya pa kupasukia, na mabamba mengi yanayowekwa kwa nia njema huvunja chasisi sentimita chache kando yake kwa sababu hiyo. Unene nao una kikomo: bamba nene mno juu ya ukuta mwembamba huhamishia mkunjo wote kwenye ukingo wake.

Kisha bolti za boksi zilipitishiwa mirija ya chuma ndani ya chasisi. Kwa kuwa sehemu hiyo ya chasisi ni ya mraba wenye uwazi ndani, kukaza bolti ndefu bila mrija huminya kuta mbili zikaribiane, na bolti haiwezi kamwe kukazwa ipasavyo. Mrija uliokatwa kwa urefu kamili na kuchomelewa ncha zote mbili hubeba mbano huo, na hugharimu vipande vya bomba tu. Nikiambiwa nichague jambo moja la kufanya kwenye gari la mfululizo huu kwa fedha kidogo kabisa, nitachagua hili, hata kama gari halitainuliwa.

Nyuma, viungo vinavyoshika ncha za springi viligongwa kwa nyundo ndogo kote kusikiliza mahali penye kutu ya ndani. Kimoja kilikuwa na kutu ya juu tu. Kilisagwa, kikapakwa rangi ya kuzuia kutu, na uwazi wa ndani wa chasisi ukapuliziwa mafuta mazito ya kinga. Sehemu za kufungia kamba za kuvutia gari lililokwama zilibadilishwa pia, zikafungwa kwa bolti ngumu kupita kuta zote mbili za chasisi.

Springi, na mahali fedha zilipogawanywa

Hapa bajeti ililazimisha uamuzi ambao wengine watautilia shaka. Springi mpya zilinunuliwa za mbele tu. Za nyuma zilitengenezwa upya kutokana na zilizokuwapo, pamoja na majani mazuri yaliyochaguliwa kutoka gari lililokwisha kukatwakatwa la mfululizo huohuo. Sababu ni kwamba springi za mbele hushika ekseli inayogeuza gari, na kasoro ndogo ya mkunjo au ya tundu la katikati huonekana mara moja kwenye usukani. Za nyuma hubeba mizigo, na zikishuka kidogo baada ya muda gari huwa bado linaendeshwa kwa usalama.

Kila jani la zamani lilisuguliwa kwa brashi ya waya na kuangaliwa kwenye mwanga wa pembeni. Yenye mikwaruzo mirefu au mashimo ya kutu upande wa juu yaliachwa, kwa sababu upande huo ndio unaovutwa jani linapobeba uzito. Yaliyopita yalikunjwa upya bila moto, kwa mashine ya kubonyeza, na jani moja la unene uleule wa milimita 7 likaongezwa kila upande, refu kiasi cha kufuata jani kuu kwa karibu theluthi mbili. Hakuna jani lililochomwa kwa gesi wala kuchomelewa. Chuma cha springi hupata uwezo wake kutokana na namna kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani; moto wa fundi huufuta uwezo huo mahali ulipogusa. Lazima isemwe pia kwamba springi iliyokunjwa upya namna hii hushuka tena mapema kuliko mpya, na mwenye gari alilijua hilo alipoikubali.

Yu-bolti zote nane zilinunuliwa mpya. Yu-bolti iliyokwisha kukazwa imerefuka kiasi, nyuzi zake zimechoka, na haitashika kama mwanzo. Kuirudisha ili kuokoa fedha ni kukaribisha tena kuvunjika kwa jani kwenye tundu la katikati. Bushi ziliwekwa za raba, kwa sababu raba huruhusu springi kujipinda ekseli inapoinama upande mmoja, na bolti za vikono hazikukazwa mpaka gari liliposhushwa na kubeba uzito wake. Zikikazwa gari likiwa hewani, raba hubaki imejinyonga muda wote na hukatika mapema.

Shokapu zilichaguliwa kwa kipimo. Ekseli iliachwa ining'inie, ikapimwa. Kisha gurudumu moja likapandishwa juu ya ngazi ya magogo hadi raba ya kugongea, ile inayozuia ekseli isigonge chasisi, ikakandamizwa, ikapimwa tena. Shokapu iliyofaa ilitakiwa iwe ndefu kuliko kipimo cha kwanza inapovutwa kabisa, na fupi kuliko cha pili inapofungwa kabisa, ikibakiwa na angalau sentimita 2 kila upande. Shokapu fupi hugeuka mnyororo unaoizuia ekseli isishuke, na hung'oka kwenye viti vyake. Iliyo ndefu mno hugonga mwisho na kupasuka kabla ya raba ya kugongea kufanya kazi yake. Raba zenyewe ziliongezewa kipande cha sentimita 3, ili tairi mpya isifike kwenye bodi.

Usukani, breki na propela

Baada ya springi mpya kuwekwa, usukani ulikuwa mwepesi kuliko unavyotakiwa na haukurudi vizuri baada ya kona. Tairodi zilikuwa tayari mpya, beringi za magurudumu na za vifundo vya kugeuzia zilikwisha rekebishwa, kwa hiyo shaka ilielekezwa kwenye kasta, na kipimo kikaonyesha imepungua kwa zaidi ya digrii 1. Mkunjo mkubwa wa springi mpya hufupisha umbali kati ya ncha zake, hubadilisha pembe ya kikono, na hivyo huizungusha ekseli kidogo. Kabari za chuma za digrii 2 ziliwekwa kati ya springi na ekseli, upande mnene ukiwa mbele, na bolti za katikati zikabadilishwa kwa ndefu zaidi. Kabari laini za aluminiamu ziliepukwa, kwa kuwa hupondeka na kuacha yu-bolti zimelegea.

Kabari hizo zina gharama yake. Zinapoinua upande wa mbele wa ekseli, hushusha pua ya difu ya mbele na kuongeza pembe ya kiungo cha propela. Kwa gari hili gharama hiyo inavumilika, kwa sababu vitovu vya magurudumu ya mbele hufunguliwa kwenye barabara nzuri na propela ya mbele haizunguki kwa kasi. Kwenye gari ambalo magurudumu yote manne huendeshwa wakati wote, uamuzi huu ungehitaji kufikiriwa upya.

Breki zinastahili aya ndefu, maana watu wengi husimama kwenye kurefusha mipira tu. Mipira mirefu iliwekwa, na ikajaribiwa ekseli ikiwa inaning'inia na usukani umezungushwa hadi mwisho kila upande, ili kuhakikisha haivutiki wala haisugui tairi. Lakini gari hili lina pia vali iliyofungwa kwenye chasisi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, ambayo kazi yake ni kupunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu na kuiongeza likiwa na mzigo. Vali hiyo hupima mzigo kwa umbali kati ya chasisi na ekseli. Gari likiinuliwa sentimita 5, vali huamini kwamba gari ni tupu kuliko tupu, na breki za nyuma hunyimwa nguvu hata kukiwa na mizigo mizito. Katika jaribio la kwanza kwenye changarawe, magurudumu ya mbele yalijifunga mapema mno huku ya nyuma yakiendelea kuzunguka. Kishikizo cha fimbo kwenye ekseli kiliinuliwa kwa sentimita 5 zilezile, umbali ukarudi kama ulivyokuwa, na jaribio la pili likaonyesha gari likisimama sawasawa. Kuifunga vali hiyo au kuiondoa, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, huhamishia hatari upande wa pili: gari tupu hufunga magurudumu ya nyuma kwanza na kugeuka mkia.

Propela ya nyuma haikuhitaji kurefushwa. Kwa kuwa ekseli ilishuka bila kuzungushwa, pembe za viungo vyake viwili ziliongezeka kwa kiasi kimoja, zikabaki zinalingana, na hakuna mtetemo uliosikika.

Tairi na hesabu ya kimo

Springi haziinui difu. Difu iko kwenye ekseli, na ekseli iko umbali uleule kutoka ardhini hata chasisi ikipandishwa mita moja. Kinachoinua difu ni tairi, na kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo chake. Tairi za zamani za 235/75 R15 zina kipenyo cha milimita 733 hivi. Za inchi 31 zina 787. Difu ilipata milimita 27, ambazo kwenye njia ya mawe ni nyingi kuliko zinavyosikika.

Ongezeko hilo la kipenyo ni asilimia 7, na hulipwa na kila sehemu inayozungusha au kusimamisha gurudumu. Spidomita ikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda karibu 86. Gia zote huwa kana kwamba zimerefushwa kwa asilimia 7, jambo ambalo injini ya 2H huweza kulibeba, ingawa huonekana mlimani. Kwa inchi 33 ongezeko lingekuwa asilimia 14, na hapo injini isiyo na tabo huanza kulazimishwa, klachi huungua kwenye kuondoka kwa mzigo, na breki zilezile hutakiwa kuzuia wenzo mrefu zaidi.

Kuhusu kupinduka, hesabu ya juujuu inatosha kuonyesha mwelekeo. Upana kati ya magurudumu ya gari hili ni takriban milimita 1470. Tukichukulia, kwa mfano, kwamba kitovu cha uzito kiko milimita 750 kutoka ardhini, gari linaweza kuinama ubavuni karibu digrii 44 kabla ya kuangukia upande, bila kuhesabu kubonyea kwa springi na tairi. Kwa kimo tulichochagua pembe hiyo hushuka hadi karibu 42. Kwa sentimita 10 na tairi za inchi 33 ingeshuka hadi karibu 39. Kreti la chuma juu ya paa likijazwa mizigo, hali huwa mbaya zaidi, na ndiyo sababu mwenye gari alishauriwa aweke maji na mafuta ya akiba chini ndani ya gari. Bampa zito la mbele lenye winchi nalo liliahirishwa, kwa kuwa lingekula sehemu ya kimo kilichopatikana na kuzibebesha springi mpya mzigo zisiochaguliwa kwa ajili yake.

Matokeo

Baada ya springi kutulia, mbele palikuwa juu kwa sentimita 7 kuliko siku gari lilipoletwa, nyuma kushoto kwa 8 na nyuma kulia kwa 5. Kati ya hizo za mbele, 2 zilikuwa ni kurudisha tu kile ambacho miaka ilikichukua. Pamoja na tairi, upande wa mbele wa chasisi ulisimama karibu sentimita 10 juu ya pale ulipokuwa, yaani kimo kilekile ambacho mwenye gari alikitaka mwanzo, ila safari hii kikiwa kimebebwa na sehemu zinazokiweza. Yu-bolti zilikazwa tena kwa spana ya kupimia mkazo baada ya kilomita 500, na zote zilikuwa zimelegea kiasi, kama ilivyotarajiwa kwa springi mpya. Eneo la boksi la usukani lilipakwa rangi nyeupe kwa makusudi, ili ufa wowote mpya uonekane kama mstari wa kutu, na baada ya safari za njia mbovu halikuonyesha kitu.

Mabadiliko ya namna hii katika nchi nyingi hutakiwa kukaguliwa na kutajwa kwenye bima, kwa hiyo vipimo vyote vya kabla na baada viliandikwa na kuhifadhiwa pamoja na hati za gari.

Kazi iliyobaki ni ya springi za nyuma. Alama imewekwa ndani ya ukingo wa bodi, sentimita 3 chini ya kimo cha sasa. Zikishuka hadi hapo, au upande mmoja ukipishana na mwingine kwa zaidi ya sentimita 1 gari likiwa tupu, zitanunuliwa mpya, na fedha zake zimeanza kuwekwa kando.